Muziki wa karne ya 12 ndani ya makanisa ya mawe vijijini Ufaransa: mwendo, ruhusa, miswada na nyuzi

Zeze la Kale

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada kwa wanaojua muziki wa zama za kati na majengo yake.

Kikundi chetu kina watu wanane, makao yetu Ubelgiji. Waimbaji ni sita, mpiga viele mmoja (zeze la nyuzi tano linalopigwa kwa upinde), na mwenzetu mwingine anabadilishana filimbi ya mbao na dufu. Mwezi Mei tunataka kuzunguka vijiji vya kusini mwa Ufaransa na kuimba muziki wa karne ya 12 ndani ya majengo ya karne hiyohiyo. Kwa sasa orodha yetu ni Conques, Moissac, abasia ya Le Thoronet, na magofu ya ngome ya Ventadour kule Corrèze. Tumechagua nyimbo za sauti mbili za abasia ya Saint-Martial ya Limoges, antifona chache (nyimbo fupi za kanisa zinazoimbwa pamoja na zaburi), na nyimbo kadhaa za watrubaduri (watunzi washairi wa kusini mwa Ufaransa).

Yanayotusumbua ni haya. Mazoezi tunafanyia kwenye ukumbi wa shule wenye zulia na dari la mbao, kwa hiyo hatujui mwendo wa wimbo tuupange vipi kwa ajili ya kanisa la mawe. Ruhusa inaombwa kwa nani, meya au paroko? Halafu wengi wetu tumekulia kwenye kwaya za parokia za Tanzania na Kongo, tunasoma sol-fa kwa wepesi kuliko nota za mistari mitano. Je, hicho ni kikwazo kwa miswada ya wakati ule? Mwisho, nyuzi za viele yetu ni za utumbo wa kondoo, na tunasikia makanisa yale yana baridi hata Mei.

Matao na Nguzo

Mkuu, anzeni na jengo, orodha ya nyimbo ifuate. Nakuwekea hesabu ili mjue mnaingia kwenye nini.

Chukua kanisa la kawaida la Kiromaneski (mtindo wa karne ya 11 na 12) lenye upana wa mita 10, urefu wa mita 40, dari la tao la mviringo, na hewa ya ndani kama mita za ujazo 6,000. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni kama mita za mraba 2,200. Mawe ya chokaa hunyonya sauti kidogo sana, tuseme asilimia 4, kwa hiyo unyonyaji wote ni 2,200 × 0.04 = 88. Kanuni ya Sabine inasema muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo, ugawe kwa unyonyaji. Unapata sekunde 11 hivi. Huo ndio muda ambao sauti iliyokatwa inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani mpaka isisikike tena. Sasa ingiza wasikilizaji 150. Mtu mmoja mwenye koti hunyonya kama nusu mita ya mraba, jumla 75, unyonyaji unafika 163 na mvumo unashuka hadi sekunde 6.

Maana yake kanisa mlilofanyia mazoezi saa nane mchana likiwa tupu si kanisa mtakaloimbia usiku likiwa limejaa. Makundi mengi ya wageni hupotea hapo. Wanapanga mwendo wa polepole sana kwenye kanisa tupu, watu wakiingia wimbo unakuwa mzito, pumzi haziwatoshi, na sauti zinashuka. Pangeni mwendo wa aina mbili kwa kila wimbo na kiongozi achague baada ya antifona ya kwanza, kwa sikio lake.

Kupima hakuhitaji mashine. Simama katikati, piga kofi moja kavu, hesabu sekunde mpaka kimya. Kisha imbeni "a" ya nguvu, mkate kwa pamoja, msikilize kinachobaki. Utagundua kuwa sauti nyembamba zimekufa mapema, maana hewa yenyewe inazinyonya, na kilichobaki ni nzito. Kwa hiyo besi wapunguze nguvu kuliko walivyozoea ukumbini, na irabu "u" na "o" za chini ziimbwe kwa mwanga zaidi. Konsonanti za mwisho zitamkwe na mtu mmoja au wawili tu. Waimbaji sita wakitoa "s" sita kwa kupishana kidogo, kanisa zima linasikia mluzi.

Sasa vituo. Mvumo wa sekunde 11 unashuka desibeli 5.5 kwa sekunde, ule wa sekunde 6 unashuka 10. Mkisimama sekunde mbili kati ya kishazi na kishazi, kanisa tupu limepungua desibeli 11 tu, lililojaa limepungua 20. Ndiyo sababu wamonaki huweka kituo katikati ya mstari wa zaburi, pale kwenye alama ya nyota, na nusu ya pili haianzi mpaka nusu ya kwanza iwe imepungua vya kutosha. Heshimuni kituo hicho. Mwimbaji wa ukumbi wenye zulia hukiona kirefu mno, ndani ya mawe ni urefu wake halisi.

Nyimbo za Saint-Martial zitawasaidia, kwa sababu nyingi zina sauti ya chini inayoshikilia nota moja huku ya juu ikitembea. Kanisa linaishikilia ile ya chini pamoja nanyi, hata mwimbaji akivuta pumzi haisikiki kukatika. Hatari iko kwenye vipande ambavyo sauti zote mbili zinatembea pamoja, nota kwa nota. Hapo nota iliyopita inabaki hewani na kugongana na inayofuata, hasa zikiwa jirani kama mi na fa. Punguzeni sauti, msipunguze mwendo.

Mahali pa kusimama: sehemu ya madhabahu ikiwa nusu duara, ukuta wake ni kioo cha sauti. Ikiwa nusu kipenyo ni mita 4, simameni mita 2 kutoka ukuta wa nyuma, mkiutazama ukumbi. Kutoka hapo ukuta unarudisha sauti kwa mstari ulionyooka mpaka mlangoni. Epukeni kusimama chini kabisa ya mnara wa katikati, pale mikono ya msalaba inapokutana. Conques ina mnara wa pembe nane pale juu, na dari la ukumbi wenyewe liko mita 22 kutoka sakafuni. Sauti nyingi itapanda na kurudi imechelewa. Sogeeni mita tatu nne upande wa wasikilizaji.

Le Thoronet ni jambo jingine kabisa. Ilijengwa na wamonaki Wasitoo, kuanzia miaka ya 1160 hivi, mawe matupu yaliyochongwa kwa ulinganifu mkali, hakuna michoro, hakuna sanamu. Na muziki wao waliupunguza vivyo hivyo. Karne ya 12 walipofanyia marekebisho nyimbo zao, walitaka wimbo usizidi upana wa nota kumi, walipunguza mapambo marefu juu ya silabi moja, na ti iliyoshushwa waliiepuka. Ukiimba pale wimbo wa Limoges wenye mapambo mengi, mapambo yanapandiana na hausikii tena maneno. Ukiimba antifona yenye nota moja au mbili kwa silabi, kila nota inasimama juu ya mwangwi wa iliyotangulia na zinakubaliana. Nashauri Le Thoronet mwimbe sauti moja tu, ya pamoja. Sauti mbili pelekeni Conques.

Funguo za Sakristia

Kuhusu ruhusa: ni wote wawili, meya na paroko, na kosa la wageni ni kumwandikia mmoja.

Tangu sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyokuwepo wakati huo ni mali ya halmashauri za vijiji na miji, na makanisa makuu ya majimbo mengi ni mali ya serikali. Lakini matumizi yake yamebaki kwa ibada, na mwenye dhamana ya matumizi hayo ni paroko. Meya ana jengo, paroko ana kauli juu ya kinachofanyika ndani yake. Tamasha haliwezi kufanyika paroko akikataa, hata meya akiwapenda namna gani. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa paroko, nakala kwa ofisi ya meya, miezi mitano au sita kabla. Mei ni mwezi wa ndoa, komunyo ya kwanza na Pentekoste, ratiba inajaa mapema.

Ndani ya barua wekeni majina ya nyimbo zote, lugha, karne, na tafsiri ya maneno kwa Kifaransa. Paroko atasoma maneno. Mwaka 1987 Vatikano ilitoa waraka kuhusu matamasha makanisani, na msimamo wake ni kwamba muziki uwe mtakatifu au wa roho ya dini, na kiingilio kisitozwe. Parokia nyingi za vijijini hufuata kwa kuruhusu kapu la hiari mlangoni. Nyimbo za mapenzi za watrubaduri zitakataliwa kanisani mara nyingi, na ni haki. Zitafutieni mahali pake: baraza la matao (ile njia yenye paa inayozunguka ua wa monasteri), ua wa ngome, au ukumbi wa kijiji ambao ofisi ya meya hukodisha kwa bei nafuu.

Angalieni pia mwenye jengo katika kila kituo, maana hawafanani. Conques ni kanisa la parokia lenye jumuiya ya watawa Wapremontre wanaolihudumia, na mahujaji wa njia ya Santiago wanapita kila siku, kwa hiyo muda wenu utapangwa kandokando ya masifu yao. Moissac, kanisa ni la ibada lakini baraza la matao la nyuma yake liko chini ya mji na lina tiketi, kwa hiyo ni maombi mawili tofauti kwa jengo linaloonekana moja. Le Thoronet ni mali ya serikali na inasimamiwa na Centre des monuments nationaux. Hapo mnaandikia msimamizi wa abasia, na wataulizia mambo ya kazi: saa za kuingia, idadi ya watu, umeme, bima.

Bima ya dhima kwa watu wengine ni lazima muwe nayo kwa maandishi. Kuhusu SACEM, chama cha Ufaransa kinachokusanya malipo ya haki za watunzi, muziki wenyewe wa karne ya 12 hauna mwenye haki, lakini mpangilio wa kisasa mlionunua dukani unaweza kuwa naye. Mkiimba kutoka kwenye nakala mliyoinakili wenyewe kutoka muswada, andikeni hivyo kwenye orodha ya nyimbo na mtakuwa salama.

Na tafadhali, hakuna utepe wa gundi ukutani wala kwenye nguzo. Makanisa mengi ya vijijini yana michoro ya kale chini ya chokaa, ukibandua utepe unaondoka na kipande chake. Nyaya zipite sakafuni mbali na milango, mishumaa msiwashe bila kuulizwa, na samani za madhabahu msiziguse. Lile la kusimama mita mbili kutoka ukuta wa nyuma, ndugu Matao, fahamu kwamba hapo mara nyingi ni nyuma ya altare, na pengine kuna tabernakulo. Paroko ndiye wa kuamua. Mwombeni mkiwa mmeshafika, kwa upole, mwonyesheni mahali penyewe.

Mama Antifona

Sol-fa si kikwazo kabisa, wanangu. Kwa miswada hii ni faida, na nasema hivyo kwa kuwa nimeona watu wa nota za mistari wakihangaika zaidi.

Neuma (alama za muziki za zama hizo) za Akwitania, ndizo za Saint-Martial, ni nukta zilizopangwa juu na chini ya mstari mmoja. Mstari huo mara nyingi umekwaruzwa kwa chuma bila wino, na kwenye picha za mtandaoni hauonekani mpaka uongeze utofauti wa mwanga na kivuli. Hakuna alama ya kusema nota hii ni la ya hertzi 440. Kuna umbali tu kati ya nota na nota, na mahali pa nusu hatua. Hiyo ni sol-fa yenye do inayohama, kitu ambacho kwaya zetu wanakijua tangu Shule ya Jumapili. Mkishajua modi, yaani ngazi ya wimbo inayotambulika kwa nota yake ya mwisho, mnajua mstari ni nota gani. Katika modi ya kwanza, yenye mwisho wake re, mstari mara nyingi ni fa.

Miswada yenyewe: mapadre makanoni wa Saint-Martial waliiuza kwa maktaba ya mfalme mwaka 1730, na hilo ndilo lililoiokoa, kwa sababu abasia yenyewe ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Leo iko Bibliothèque nationale de France, na picha zake zinasomwa bure kwenye Gallica, tovuti ya maktaba hiyo. Kwa sauti mbili tafuteni miswada yenye namba lat. 1139, lat. 3549 na lat. 3719. Anzeni na 1139. Humo pia mna wimbo wa Bikira Maria kwa Kioksitani uliowekwa juu ya tuni ya utenzi Ave maris stella. Kwa kikundi kitakachopita Conques na Moissac, nchi ya lugha hiyo, sioni wimbo wa kufungulia unaofaa kuliko huo. Una sauti moja, na paroko hatakuwa na neno.

Jinsi ya kunakili wimbo wa sauti mbili: chapisheni ukurasa kwa ukubwa wa A3. Sauti mbili zimeandikwa moja juu ya nyingine, zimetengwa kwa mstari. Andikeni kwanza sauti ya chini kwa sol-fa, silabi kwa silabi. Kisha ya juu. Halafu ndipo mzipange, na hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu mwandishi hakuzipanga wima kwa usahihi, na urefu wa nota hakuuandika. Kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba mwanzo na mwisho wa silabi sauti zikutane kwenye nota moja, oktavu, do na sol, au do na fa. Katikati ya silabi chochote kinaruhusiwa kupita. Pakiwa na njia mbili zinazokubali kanuni hiyo, imbeni zote mbili na mchague ile ambayo sauti ya juu inatulia bila kukimbizwa. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu midundo ya nyimbo hizi, kwa hiyo msiwalazimishe waimbaji hesabu ya tatu kwa tatu. Fuateni maneno ya Kilatini.

Tahadhari mbili kwa waliolelewa na sol-fa. Masikio yetu yanataka wimbo uishie do. Wimbo wa modi ya kwanza unaishia re, na mwimbaji aliyezoea nyimbo za vitabu vya Misa atapandisha do kuelekea re ili kufanya mwisho "mtamu". Ikomesheni mapema, do ibaki do. Ya pili ni mi. Kwaya nzuri huiimba mi iliyo chini kidogo ili ikae vizuri juu ya do. Kwa muziki huu upangaji ni wa Pythagoras: do na sol safi kabisa, senti 702 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu hatua), na do hadi mi inakuwa pana, senti 408, ilhali kwenye piano ni 400 na mi tamu ya kwaya ni 386. Mi hiyo ya 408 inakwaruza, na inatakiwa ikwaruze, ndiyo sababu sauti hazitulii pale na lazima ziende zikatulie kwenye nota moja au do na sol.

Zoezi lake: mmoja ashikilie re dakika tatu kwa pumzi za kupokezana na mwenzake. Wengine waingie na la, waiteleze taratibu mpaka ule mtikisiko wa sauti upotee. Wakiipata la hiyo, watoke nayo kwenda mi, na mi ipatane na la, isipatane na do. Rudieni kila siku kabla ya kugusa wimbo. Kinanda kifungwe. Kikitumika hata kwa kutoa nota ya kuanzia, masikio yanarudi kwenye piano.

Kwa nyimbo za watrubaduri, mashairi yaliyobaki ni kama 2,500, lakini yenye tuni ni takribani moja kwa kumi. Muswada fr. 22543 una tuni zaidi ya 150, nao uko Gallica. Wanawake wenu wasikose ule wa Comtessa de Dia, ndio pekee wa mtrubaduri mwanamke uliobaki na tuni, uko kwenye fr. 844. Bernart de Ventadorn mnaweza kumwimbia kwake, Ventadour, lakini pale hakuna dari, ni magofu juu ya mwamba. Sauti haina wa kuirudisha. Mwimbaji mmoja na viele, wasikilizaji karibu kabisa, mgongo ukielekea kipande cha ukuta kilichosimama.

Fundi Upinde

Nyuzi sasa.

Mawe mazito huchelewa kufuata majira. Mwezi Mei nje jua linaweza kuwa nyuzijoto 22, ndani ya kanisa nene bado 12 au 13, na hewa ya joto inayoingia mlangoni inaacha unyevu. Utumbo wa kondoo unanyonya unyevu huo na kuvimba. Ule mnene uliosokotwa sana unajikaza na sauti kupanda, mwembamba unaweza kwenda kinyume, kwa hiyo nyuzi tano haziharibiki kwa kiasi kimoja, na kupanga upya zote kwa kuzigeuza sawasawa hakusaidii.

Fanyeni hivi. Viele iingie kanisani saa nzima kabla ya mazoezi, sanduku likiwa wazi, mbali na ukuta na mbali na kipasha joto. Pangeni nyuzi baada ya dakika 40, tena baada ya watu kuingia na kukaa, kwa sababu watu 150 wanaleta joto na mvuke wao. Antifona ya kwanza iimbwe bila chombo, muda huo mpigaji asikilize nyuzi kwa kidole karibu na sikio. Safarini legezeni kila uzi kwa hatua moja nzima, msiulegeze kabisa, la sivyo daraja linaanguka. Bebeni uzi wa akiba kwa kila nafasi, na ule wa juu kabisa bebeni mitatu, ndio unaokatika, na hukatikia kwenye mfereji wa kichwani kama una ukali. Sugueni mfereji kwa risasi ya penseli kabla ya kuondoka.

Filimbi ya mbao nayo inashuka senti 3 kwa kila nyuzijoto moja. Kutoka 20 hadi 12 ni senti 24, robo ya nusu hatua. Ipasheni moto kwapani dakika 15, na viele ifuate filimbi, kamwe filimbi isifuate viele. Mkipuliza kwenye baridi mvuke wa pumzi unaganda kuwa maji kwenye njia ya hewa na sauti inakuwa na makohozi. Vutieni ndani kwa nguvu, au muwe na filimbi mbili za kupokezana.

Upangaji wa viele upo kwa maandishi. Jerome wa Moravia, mtawa Mdominiko aliyeandika Paris mwishoni mwa karne ya 13, ametoa aina tatu. Ya kwanza inawafaa kwa modi ya re na ya sol: re, sol ya chini, sol ya oktavu juu yake, kisha re mbili za juu zenye sauti moja. Ile re ya kwanza inapita nje ya shingo, haibanwi na vidole, inavuma tu. Ni karne moja baada ya nyimbo zenu, lakini ni maelezo ya mtu aliyekiona chombo.

Na pale Moissac mpigaji wenu asimame chini ya lango la kusini kabla ya kitu kingine. Kuna wazee 24 wa Ufunuo wamechongwa kwenye nusu duara juu ya mlango, mkono mmoja kikombe, mkono mwingine zeze. Aangalie umbo la tumbo, shingo fupi, kichwa chenye vigingi. Nenda na darubini ndogo, wako juu.

Sikubaliani na Matao kwenye jambo moja. Mnara wa katikati si adui wa viele. Uzi unaovuma ukipigwa chini ya mnara unapata mwili ambao viele ndogo haina. Waimbaji wasogee, viele ibaki.

Zeze la Kale

Wakuu, nimewaelewa, na mama asante kwa somo la mi. Nabakiza mawili: dufu tuliache nyumbani? Na tukitaka kurekodi tuweke maikrofoni umbali gani? Tuna mbili tu.

Matao na Nguzo

Fundi, kwa uzi unaovuma nakubali. Nota hiyo haibadiliki, kwa hiyo kuchelewa kwake hakudhuru. Tuni yenyewe isipigiwe pale.

Dufu lisiingie kanisani. Pigo moja lina sauti nzito ya ghafla, na kwenye mvumo wa sekunde 6 pigo la pili linakuta la kwanza bado limejaa. Baada ya mapigo manne ni ngurumo moja. Baraza la matao la Moissac ndilo mahali pake. Paa za pale ni za mbao, pande zote za ndani ziko wazi, mwangwi ni mfupi, na vidole kwenye ngozi vinasikika kimoja kimoja. Nyimbo zenye mwendo wa kucheza na watrubaduri wapelekeni huko. Tena baraza hilo lina maandishi ya mwaka 1100 kwenye mawe yake, wakati kanisa la pembeni sehemu yake ya juu ni ya Kigothi, ya matofali. Mkitaka kuimba ndani ya jengo la umri wa nyimbo zenu, pale Moissac ni barazani.

Kurekodi: kuna umbali ambao sauti ya moja kwa moja na mvumo vinalingana. Ni 0.057 mara kipeuo cha pili cha ujazo uliogawanywa kwa muda wa mvumo. Kwa kanisa letu la mfano likiwa tupu, 6,000 ÷ 11 ni 545, kipeuo chake 23.4, jibu mita 1.3. Likiwa limejaa, mita 1.8. Ukiweka maikrofoni zinazosikia pande zote mita 5 mbele, unarekodi kanisa na kikundi kwa mbali. Ziwekeni mita 1.5 hadi 2 kutoka mstari wa mbele, zitenganisheni sentimita 50, kimo mita 2.5, waimbaji wakisimama kwa nusu duara. Zikiwa za upande mmoja, zinaweza kurudi mpaka mita 3 hivi. Kabla ya wimbo wa kwanza rekodini dakika moja ya kimya, na kila mwisho wa wimbo msiguse kitu mpaka mvumo uishe wenyewe. Mtu akikohoa sekunde ya nne, mkia wa wimbo umeharibika na hauungiki.

Funguo za Sakristia

Niongeze saa za kurekodi. Moissac reli ya Bordeaux kwenda Toulouse inapita ubavuni mwa baraza. Ilipojengwa karne ya 19 ilichukua hata sehemu ya majengo ya monasteri. Chukueni ratiba ya treni ya siku hiyo, na kumbukeni za mizigo hazimo kwenye ratiba ya abiria. Kengele za kijiji hupiga kila saa, nyingine kila robo, na baadhi hurudia saa mara ya pili dakika moja au mbili baadaye. Ulizeni ofisi ya meya kama za usiku zinanyamazishwa. Mei mbayuwayu wako kwenye matao tangu alfajiri mpaka giza, kwa hiyo saa nzuri ni kuanzia saa nne usiku. Ombeni ufunguo kwa maandishi, mkubaliane nani atafunga na ufunguo unarudishwa wapi.

Mama Antifona

Saa hizo za usiku masifu ya mwisho yameshaisha, na waimbaji watakuwa wamechoka na baridi. Rekodini sauti mbili kwanza, sauti moja ya pamoja mwisho. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Na la ile mliyoipata asubuhi mwitafute upya kabla ya kila wimbo, usiku huwa inashuka.